Kusi Kali na Maji ya Bamvua: Namna ya Kuisoma Bahari ya Mafia Wakati wa Kipupwe

Katika miezi ya kipupwe, kati ya Juni na Agosti, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa angalizo ambalo wakazi wa kata za Mafia wamekwisha kulizoea: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2 katika ukanda wa pwani ya Bahari ya Hindi. Hutajwa mikoa ya Tanga, Dar es Salaam, Pwani, Lindi na Mtwara, pamoja na visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba. Mara nyingi siku angalizo hilo linapotoka, mtu aliyesimama gatini Kilindoni huinua macho na kuona anga safi, jua linawaka, wala hakuna dalili ya mvua. Hapo ndipo maneno huanza kwamba wataalamu wamekosea. Wengine huvuta nanga na kuondoka.

Hata hivyo, upepo unaotajwa katika angalizo hilo haukuzaliwa katika anga ya Mafia. Asili yake ni kusini ya mbali, katika bahari inayozunguka Rasi ya Tumaini Jema, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka hapa. Majira ya baridi ya upande huo wa dunia, hewa nzito na ya baridi kutoka upande wa Ncha ya Kusini hupanda mara kwa mara kuelekea kaskazini na kuisukuma hewa yenye joto iliyo mbele yake. Mpaka baina ya hewa hizo mbili ndio wataalamu wanaouita ukanda wa hewa baridi. Afrika Kusini hupokea mvua, baridi kali na dhoruba ukanda huo unapopita. Nyuma yake hufuata eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa, na hewa hukimbia kutoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mgandamizo mdogo. Tofauti ikiwa kubwa, mwendo nao huwa mkubwa. Hewa hiyo hupanda kwa kufuata Mlango-Bahari wa Msumbiji na pwani yake, na baada ya siku chache huifikia pwani ya Tanzania.

Inapofika huku imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya baridi yake na mvua yake. Kilichobaki ni mwendo, na mwendo huo huongezeka juu ya kusi ya kawaida ya msimu. Ndiyo sababu kusi kali huweza kuvuma chini ya anga safi. Pamoja na upepo huja pia mawimbi marefu yaliyoumbwa na dhoruba za kusini, ambayo husafiri hata baada ya upepo uliyoyaumba kutulia. Mvuvi huyatambua kwa jinsi yanavyoinua chombo polepole na kukishusha polepole, tofauti na mawimbi mafupi ya upepo wa siku hiyo yanayogonga ubavu.

Kusi kali haipaswi kuchanganywa na kimbunga. Kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia tarehe 4 Mei, 2024, kilikuwa mfumo unaozunguka wenyewe, wenye kitovu na njia yake, na vimbunga vya namna hiyo ni nadra katika pwani hii. Kusi huja kila mwaka, na mazoea hayo ndiyo yanayowafanya watu waidharau.

Namba za angalizo zinastahili kuelezwa kidogo. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo wake. Upepo wa kilomita 40 kwa saa hulisukuma tanga kwa nguvu mara nne ya upepo wa kilomita 20, si mara mbili. Kimo cha mawimbi nacho, katika utabiri wa bahari, kwa kawaida ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Kwa hiyo ndani ya bahari iliyotabiriwa kuwa na mawimbi ya mita 2, wimbi moja moja linaweza kukaribia mara mbili ya kimo hicho, nalo halitoi taarifa kabla ya kufika.

Upepo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni maji yenyewe, ambayo hufuata mwezi. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na baina ya kujaa kumoja na kufuata kwake hupita takriban saa 12 na dakika 25. Kwa sababu hiyo saa za maji husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji katika mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua, maji yakijaa sana na kupwa sana. Tofauti baina ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Mwezi unapokuwa nusu, mvutano wa jua hupunguza ule wa mwezi, na huja maji mafu, ambayo tofauti yake ni ndogo na mikondo yake ni dhaifu. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana jedwali tayari: bamvua huangukia siku za mwanzo wa mwezi na zile zinazozunguka tarehe 15, na maji mafu huangukia karibu na tarehe 8 na tarehe 23.

Jambo moja wazee wa bahari hulijua bila kitabu, nalo ndilo kiini cha suala hili. Hapa kwetu, siku za bamvua, maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Saa hizo hazibadiliki sana kutoka bamvua moja hadi nyingine. Upepo nao una saa zake. Alfajiri kusi huwa imelegea. Jua linapoipasha nchi kavu joto, upepo wa bahari huongezeka juu ya kusi, na nguvu hufikia kilele baada ya adhuhuri. Kwa hiyo siku za bamvua maji makubwa kuliko yote ya mchana hukutana na upepo mkubwa kuliko wote wa mchana. Baada ya hapo maji huanza kutoka, jua likizama na upepo ukiwa bado haujalegea.

Saa hizo za jioni ndizo za kuogopwa zaidi katika milango ya bahari. Mlango wa Kinasi, unaounganisha Ghuba ya Chole na bahari kuu, hupitisha maji mengi katika nafasi ndogo. Maji yanapoingia ghubani pamoja na upepo, mawimbi hurefuka na chombo hupita kwa nafuu. Maji yanapotoka yakikabiliana na kusi na mawimbi ya bahari kuu, mawimbi hufupika, husimama wima na kuvunjika. Upepo ni uleule na mlango ni uleule. Kilichogeuka ni mkondo tu, lakini chombo kilichopita salama saa nane mchana kinaweza kujaa maji mahali hapohapo saa kumi na mbili jioni. Nahodha anayetoka asubuhi siku za bamvua hufanya vyema kurudi na maji yanayojaa, akawa ndani ya ghuba kabla ya saa tisa alasiri. Akichelewa, ni afadhali angoje mahali palipokingwa kuliko kuulazimisha mlango.

Wapo pia wanaoingia baharini kwa miguu. Wachokoa pweza na wakulima wa mwani hupenda bamvua, maana maji yakipwa saa nne asubuhi mwamba huwa wazi. Hatari yao iko katika namna maji yanavyorudi. Maji hayapandi kwa kipimo kimoja kila saa. Ukigawa tofauti ya kupwa na kujaa katika mafungu 12, saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2 na ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 3.2, saa ya kwanza maji huongezeka kwa kiasi cha sentimita 27 tu, kiasi kisichomshtua mtu aliyeinamia tundu la pweza. Saa ya tatu peke yake huleta sentimita 80. Baina ya mwamba na ufuko mara nyingi pana bonde la maji ambalo hujaa kabla ya mwamba kufunikwa, hivyo anayesubiri maji yamfikie magotini huenda akakuta njia ya kurudi imekwisha kufungwa. Siku za kusi kali mawimbi huruka juu ya mwamba mapema na kulijaza bonde hilo haraka zaidi. Kwa siku kama hizo, saa moja baada ya maji kupwa kabisa ni wakati wa kugeuka, hata kama kapu halijajaa. Watoto wanaofuatana na mama zao watangulizwe nchi kavu mapema zaidi.

Wavuvi wa dagaa wana tatizo la namna yake. Taa huvuta dagaa vizuri zaidi usiku wa giza, na giza kamili huja mwezi unapofichika kabla ya kuandama. Siku hizo ndizo zinazoingia katika bamvua. Kazi yao, kwa hiyo, huwatuma baharini katika siku za mikondo mikali kuliko yote, usiku, wakati maji yanatoka hadi karibu na saa nne. Hakuna namna ya kuubadilisha mwezi. Kinachowezekana ni kuchagua usiku ndani ya giza hilo: usiku ambao TMA imetoa angalizo uachwe, na usiku uliotangulia au utakaofuata utumike, kwani giza hudumu siku kadhaa ilhali msukumo mmoja wa kusi kali mara nyingi hupungua baada ya siku mbili au tatu.

Abiria baina ya Kilindoni na Nyamisati huathirika kwa njia nyingine. Safari inapoahirishwa siku ya jua, mizigo hukaa, samaki wa barafu huharibika, na mgonjwa mwenye rufaa hungoja. Gharama hizo ni za kweli na hazipaswi kubezwa. Lakini ni gharama zinazoweza kupunguzwa kwa kusoma utabiri wa siku tano, ambao TMA huutoa kila siku. Mwenye safari isiyoepukika anaweza kuitanguliza kwa siku moja kabla upepo haujafika. Hatari kubwa zaidi huanza pale kivuko kinaposimama na watu wakaamua kutafuta boti ndogo ya kuwavusha. Bahari iliyokizuia kivuko cha chuma haiwezi kuwa rafiki wa mashua ya mbao iliyojaa watu na magunia.

Utabiri huo husomwa hivi. Rangi ya njano ni angalizo, ya machungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Chini ya rangi huandikwa mambo mawili ambayo wengi huyapita: uwezekano wa hali hiyo kutokea na kiwango cha athari zinazoweza kujitokeza. Uwezekano wa wastani maana yake ni kwamba hali inaweza isitokee, na ikipita bila kutokea haina maana kwamba utabiri ulikuwa wa uongo. Aidha, angalizo la upepo halisemi neno kuhusu bamvua, na jedwali la maji halisemi neno kuhusu upepo. Namba za jedwali hukokotolewa kutokana na mwendo wa mwezi na jua, na upepo unaosukuma maji ufukweni huyapandisha juu ya kimo kilichoandikwa. Kazi ya kuziweka karatasi hizo mbili pamoja ni ya msomaji.

Kwa kaya zilizo karibu na ufuko, siku za kuangalia ni zile ambazo angalizo limekutana na bamvua, hasa saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Vyombo vivutwe juu ya alama ya takataka za bahari ya bamvua iliyopita, nyavu na mashine ziondolewe mchangani, na visima vilivyo chini vifunikwe. Mikoko iliyosimama mbele ya kijiji hupunguza nguvu ya wimbi kabla halijaufikia ufuko, na palipokatwa tofauti huonekana msimu wa kwanza tu.

Kabla ya kuondoka, nahodha aache nchi kavu majina ya waliomo chomboni, mahali anapokwenda na saa anayotarajia kurudi, kwa kiongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) au kwa ofisi ya mtendaji wa kijiji. Kila aliyemo avae jaketi okozi, si kulikalia. Simu ifungwe ndani ya mfuko usioingia maji. Chombo kisiporudi kwa saa iliyotajwa, taarifa itolewe palepale bila kusubiri asubuhi, kwa kuwa maji ya bamvua yanayotoka jioni huweza kukichukua chombo kilichozimika mashine na kukifikisha mbali sana kabla ya saa nne usiku.