Aliyepata kiharusi akae tu? Kweli na uongo

"Kiharusi ni ugonjwa wa mjini, huku mlimani tunatembea sana."

Nusu kweli. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walilinganisha Dar es Salaam na wilaya ya Hai, majirani zetu ukitoka Makumira kuelekea Moshi. Tofauti za umri zikishasawazishwa, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar es Salaam 316. Pengo ni kubwa, lakini Hai nako ni mashamba na miinuko, na bado watu waliugua. Presha, chanzo kikubwa cha kiharusi, haimwogopi mwenye jembe.

"Mzee apumzike, asijichoshe."

Si kweli, na uongo huu tunaulea kwa mapenzi. Kiti kinawekwa kivulini, chai inaletwa, wajukuu wanamvisha babu shati. Tunamheshimu, huku tunamdhoofisha. Msuli usiotumika husinyaa, kiungo hukakamaa, damu huweza kuganda miguuni. Ubongo nao hujifunza upya kwa kurudia: kuinuka kitini na kukaa tena, kushika kikombe, kuvuka uwanja. Mwacheni babu afunge vifungo mwenyewe, hata chai ikipoa. Msaidizi asimame upande uliodhoofika. Fimbo ishikwe kwa mkono wenye nguvu. Masika njia zetu huteleza, kwa hiyo aanzie uwanjani, penye tambarare. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuhemesha kidogo, hata kwa wenye ulemavu kwa kadiri wanavyoweza. Si lazima zifanywe kwa mkupuo. Dakika tano asubuhi na tano jioni ni mwanzo mzuri.

"Basi ainuliwe siku ile ile, atembezwe sana."

Hapana. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa 2,104 katika nchi tano. Walioinuliwa mapema mno, ndani ya saa 24, na kufanyishwa mazoezi mengi, hali zao baada ya miezi mitatu hazikuwa nzuri kama za wenzao. Siku za mwanzo wahudumu wa hospitali ndio waamue.

"Miezi sita ikipita bila kupona, ndiyo basi."

Si kweli. Nafuu kubwa huja miezi ya mwanzo, lakini hata aliyeugua miaka iliyopita anaweza kutembea vizuri zaidi akifanya mazoezi. Uongo huu unaniuma kuliko yote, maana ndio unaozifanya familia ziache kliniki.

"Akipata nguvu, aache dawa za presha."

Uongo wa hatari. Kiharusi hurudi, na presha hupanda bila kuuma popote. Mazoezi husaidia kuishusha, ila hayachukui nafasi ya vidonge. Daktari pekee ndiye wa kupunguza dozi.

Kama una mgonjwa nyumbani, mwombe daktari, iwe Tengeru au hospitali ya Mount Meru, akuelekeze kwa mtaalamu wa mazoezi tiba. Nenda naye mwenyewe, ujifunze yanavyofanywa, kwa kuwa sehemu kubwa ya mazoezi hayo mtayafanya wenyewe nyumbani.