Pistoni Mpya Katika Silinda Chakavu

Katika ukanda wa dhahabu ulio kusini mwa Ziwa Viktoria, kuanzia Geita na Nyarugusu hadi Kahama mkoani Shinyanga, maisha ya watu wengi hutegemea injini. Injini huvuta maji mashimoni, huzungusha makarasha ya kusagia mawe, na huendesha magari yanayobeba watu na mizigo katika barabara za vumbi. Injini inapoanza kutoa moshi wa buluu na kula oili, aghalabu mwenye gari humwambia fundi anunue pistoni mpya haraka ili kazi iendelee. Baada ya miezi michache moshi hurudi, na fedha zimekwisha kutumika. Kwa nini pistoni mpya ishindwe kuiponya injini?

ADUI AINGIAYE NA HEWA

Wachimbaji wadogo wa ukanda huo hufuata mishipa ya kwatzi, lile jiwe jeupe lenye kubeba dhahabu. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, almasi, kama ile ya Mwadui, ina namba 10, na kwatzi ina namba 7. Chuma cha kusubu, ambacho ndicho ukuta wa silinda nyingi, ni laini kuliko kwatzi. Vumbi la kwatzi likipenya katika chujio la hewa lililochanika, hugeuka kuwa kama msasa kati ya ringi na ukuta wa silinda.

Silinda haichakai sawasawa. Sehemu ya juu, pale ringi ya kwanza inapogeuza mwendo, huliwa zaidi, kwa kuwa hapo joto na kanieneo ni kubwa na oili ni haba. Hivyo tundu hupanuka juu kuliko chini, na duara lake huelekea kuwa umbo la yai. Pistoni ya kipimo cha awali ikitiwa humo itachezacheza, hata ikiwa ni ya ubora wa juu kabisa.

KIPIMO KABLA YA DUKA

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ni kupima. Kila silinda hupimwa juu, katikati na chini, na katika kila kimo hupimwa mara mbili, kwa kufuata urefu wa injini na kwa kuukata. Uchakavu ukizidi kiwango kilichowekwa katika kitabu cha injini, silinda huchongwa, na pistoni kubwa zaidi hununuliwa. Nyongeza za kawaida ni milimita 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00. Hata hivyo, silinda isichongwe mpaka pistoni zenyewe zimefika, kwa maana mchongaji hufuata kipimo halisi cha pistoni na kuongeza nafasi inayotakiwa.

Mfano mzuri ni injini ya dizeli ya Toyota Land Cruiser iitwayo 1HZ. Ina silinda 6, kila moja yenye kipenyo cha milimita 94, na mwendo wa pistoni ni milimita 100. Ujazo wake ni takriban sentimita za ujazo 4,164. Ikichongwa kwa milimita 0.50, ujazo huwa takriban 4,208.

Pistoni isiyouzwa na kampuni ya gari si lazima iwe duni. Kampuni kama Mahle ya Ujerumani hutengenezea viwanda vya magari pistoni, na huuza pia katika soko la spea. Jambo la kuchunguza ni vipimo, wala si uzuri wa boksi. Kipimo kinachosahauliwa mara nyingi ni umbali kutoka katikati ya pini hadi utosi wa pistoni. Umbali huo ukipungua kwa nusu milimita katika injini hiyo, uwiano wa mgandamizo hushuka kutoka takriban 22 hadi 20, na injini itasumbua kuwaka asubuhi. Ukizidi, pistoni yaweza kugonga valvu.

MAANDALIZI

Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha kusubu. Ndiyo maana huchanganywa na silikoni, aghalabu kiasi cha asilimia 12, ili mtanuko upungue. Sketi ya pistoni ya milimita 94 ikipanda joto kwa digrii 100 za sentigredi, hutanuka kwa milimita 0.19 hivi. Silinda ikipanda kwa digrii 80, hutanuka kwa 0.08 tu. Tofauti yake ni kama unene wa karatasi ya daftari, nayo yatosha kuifanya pistoni ing'ang'anie silinda. Haya ni makadirio. Nafasi kamili hutolewa na mtengenezaji wa pistoni, pamoja na mahali pa kuipimia.

Ringi nazo hupimwa moja moja ndani ya silinda yake kwa fila geji. Ncha zake zikikosa nafasi, zitagusana injini ikipata moto na kukwaruza ukuta.

Uzito pia una sheria yake. Katika mizunguko 3,000 kwa dakika, pistoni yenye mwendo wa milimita 100 huongezewa kasi kwa kiasi kinachokaribia mara 500 ya mvutano wa dunia. Pistoni moja ikizidi wenzake kwa gramu 10, ziada hiyo huvuta kama mzigo wa kilo 5, huku na huko, katika kila mzunguko.

Mwisho, silinda iliyochongwa huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kisha hupakwa oili mara moja. Mafuta ya taa peke yake huacha chembe za jiwe la kusagia, na chembe hizo hufanya kazi ile ile ya vumbi la kwatzi.

Wanafunzi waweza kuyathibitisha mahesabu haya darasani, kisha wazuru gereji iliyo karibu na kupima pistoni kuukuu kwa maikromita. Wataona kwamba sehemu ndogo ya milimita hutenganisha injini itakayodumu miaka na ile itakayomtia mwenyewe hasara kabla ya msimu wa mvua kurudi.