Kobe, Kasa na Iguana: Istilahi za Wanyama wa Visiwa vya Galápagos

Mfasiri apewapo mwongozo wa watalii huenda akadhani kuwa majina ya wanyama hayana matatizo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa sivyo. Mfano wetu ni visiwa vya Galápagos vya nchi ya Ekuador, vilivyo kiasi cha kilometa 1,000 kutoka bara, katika Bahari ya Pasifiki. Visiwa hivyo vilizuka kutokana na volkano, na tangu mwaka 1959 sehemu yake kubwa ni hifadhi ya taifa. Familia huvizunguka kwa meli ndogo, hushuka pwani pamoja na kiongozi, na huamriwa zisimkaribie mnyama kwa umbali wa chini ya mita 2. Amri kama hiyo haina faida iwapo msomaji hamtambui mnyama anayetajwa.

Tuanze na kobe. Kiswahili kina utajiri hapa: kobe ni wa nchi kavu, kasa ni wa baharini. Galápagos wote wawili wapo. Kobe wakubwa hula majani, na wengi huonekana katika nyanda za juu. Kasa hupanda ufukweni usiku na kufukia mayai mchangani. Mfasiri akiandika "msikanyage mayai ya kobe ufukweni", mzazi atatazamia kobe, na watoto watacheza juu ya mayai ya kasa.

Pili, kuna mjusi mkubwa aogeleaye baharini. Mfasiri hushawishika kumwita "kenge wa baharini". Jina hilo halifai. Kenge ni mla nyama, mwizi wa mayai na vifaranga. Mjusi huyu hula mwani, naye huitoa chumvi mwilini kwa kuipiga chafya puani. Zaidi ya hayo, kenge kwetu ni tusi, na mtoto aliyezoea kumfukuza kenge kwa mawe hatajifunza kumstahi mnyama huyu kwa jina hilo. Hapa kukopa ni bora: iguana wa baharini.

Tatu ni mnandi wa visiwa vya Isabela na Fernandina, ambaye mabawa yake ni mafupi mno. Je, tumwite "mnandi asiyeruka"? Kuruka ni pia kuchupa, na ndege huyu huchupa vizuri miambani. Tunapendekeza "mnandi asiyepaa".

Kwa muhtasari, mfasiri atafute kwanza neno lililomo katika lugha, likipungua, aliongezee sifa, likipotosha, akope. Mfanano wa sura pekee usimtoshe.

Tunawaomba wasomaji, hasa walimu wa mwambao walio karibu na wavuvi, watuletee majina ya ndege na wanyama wa baharini yanayotumika kwao, kabla hatujabuni mapya pasipo haja.