Dirisha Jipya katika Ukuta wa Kale

Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, una majumba mengi yaliyojengwa katika karne ya 19. Kuta za majumba hayo ni nene, nusu mita na zaidi, nazo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa na udongo. Madirisha ni ya mbao ngumu. Mengi sasa yamechakaa: miimo imeliwa na mchwa, bawaba zimeliwa na kutu. Mwenye nyumba akitaka kuyabadili, mara nyingi hushauriwa atie alumini na vioo, ambavyo haviliwi na mchwa wala havihitaji rangi. Ushauri huo una maana, lakini unasahau mambo mawili, yaani hewa na ukuta wenyewe.

Dirisha la kale kwa kawaida ni refu, na mara nyingi milango yake midogo imegawanywa, ya juu na ya chini. Hewa ikipata joto huwa nyepesi, hupanda na kutokea juu. Ya baridi huingia chini kushika nafasi yake. Vipande vya mbao vilivyopangwa mshazari huzuia jua na mvua, huku vikiuachia upepo wa kaskazi au wa kusi upite. Kioo hufanya kinyume. Miali ya jua hukipenya na kuvipasha joto vitu vya chumbani, lakini miali ya joto inayotoka katika vitu hivyo haikipenyi, nayo hewa iliyofungiwa haina pa kutokea. Zaidi ya hayo, dirisha la vioo viwili vya kusukuma kando halifunguki zaidi ya nusu. Tundu la sentimita 90 kwa 120, lililokuwa na eneo la sentimita za mraba 10,800, sasa huingiza upepo kwa 5,400 tu. Wavu wa mbu, ambao si wa kuacha penye malaria, huupunguza tena. Ndipo hununuliwa feni.

Madhara ya ukutani huchelewa kuonekana, na kwa hiyo ni mabaya zaidi. Matumbawe na chokaa vina vitundu vingi vidogo: hunyonya maji wakati wa masika na kuyatoa kwa njia ya mvuke wakati wa kiangazi. Fundi akizibia fremu mpya kwa saruji, unyevu hauwezi kupita hapo kwa urahisi. Huzunguka na kutokea kando, ukibeba chumvi ya bahari. Maji yakikauka chumvi huganda kuwa fuwele, nazo fuwele zikikua ndani ya vitundu huyapasua matumbawe hata yakawa unga. Baada ya miaka kadhaa saruji hubaki imara, na jiwe lililo kando yake limekwisha.

Kwa sababu hiyo mafundi wenye ujuzi hubadili dirisha moja moja. Kabla ya kung'oa fremu, boriti iliyo juu ya tundu hutiwa gadi, maana huenda fremu iliyooza ndiyo inayoibeba. Upana hupimwa mahali patatu, juu, kati na chini, na kipimo kidogo ndicho hufuatwa; matundu ya kale ni nadra kuwa na pembe mraba. Fremu yenyewe lazima iwe nazo. Ikiwa ni ya sentimita 90 kwa 120, hanamu zote mbili ziwe 150, kama Pythagoras anavyotufundisha. Timazi na pimamaji humaliza kazi hiyo. Anayetaka kioo aweza kukitia katika milango ya mbao inayofunguka yote. Yampasa pia kupata kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985.

Nafasi iliyobaki kandokando ya fremu huzibwa kwa chokaa na mchanga. Hapa haraka haifai. Chokaa hugeuka jiwe kwa kunyonya kaboni dayoksaidi ya hewani na kuwa kalsiamu kaboneti, na badiliko hilo hutokea penye unyevu tu. Kwa siku kadhaa hufunikwa kwa gunia lililoloweshwa; ikikaushwa na jua mara moja, hubaki unga unaong'oka kwa kidole.