Bwana Mkubwa Akikuuliza, Ujibuje?

Kila mwaka, diploma zikiisha kutolewa, vijana wa Butembo na Beni hushika njia, bahasha kwapani, viatu vimepakwa rangi. Wengine hubisha hodi kwenye depo za wafanyabiashara, wengine kwa wanunuzi wa kahawa na kakao, wengine kwenye shule, hospitali na mashirika. Kuandika barua wanajua. Lakini wakiketishwa mbele ya meza, ulimi hugeuka jiwe, au hufurika kama mto. Basi, wapendwa wasomaji, tuyatazame maswali yanayoulizwa kila mahali.

«Jieleze.» Wengi huanza na babu yao, na kabla hawajamfikia baba, saa imekwisha. Bwana hatafuti mchumba, haulizi ukoo. Mwambie umejifunza nini, umefanya kazi gani, na utamfaa kwa nini. Kama uliuza mafuta ya mawese sokoni ili ulipe ada ya shule, usione haya: aliyehesabu faida na hasara ya mafuta amekwisha kuanza kujifunza kazi ya ghala.

«Kwa nini unataka kazi kwetu?» Yuko anayejibu: «Kwa sababu nina njaa.» Ni kweli, lakini hata mbuzi angejibu hivyo. Ijue kwanza nyumba unayoiomba. Ikiwa inanunua kakao ya Beni, ujue kwamba kakao huchachushwa na kuanikwa kabla ya kutiwa guniani. Ikiwa inaleta bidhaa kutoka Dubai au China, ujue njia ya Kasindi, mpakani mwa Uganda.

«Unajua lugha gani?» Kinande, Kiswahili na Kifaransa, hapo hatuna shaka. Lakini yuko aliyeandika «Kiingereza: vizuri sana», akaulizwa jina lake kwa Kiingereza, akajibu «Yesi». Njia ya mwongo ni fupi.

«Una kasoro gani?» Usijibu kwamba kasoro yako ni kupenda kazi kupita kiasi. Bwana amelisikia jibu hilo mara kumi tangu asubuhi. Taja kasoro ya kweli, na namna unavyoirekebisha. Lakini usiungame dhambi zako zote: kwa kazi hiyo yuko padri.

«Unataka mshahara gani?» Ukisema «chochote», utapewa hicho chochote. Ulizia mapema wengine wanalipwa kiasi gani, kama mama zetu waulizavyo bei ya maharagwe kabla ya kufungua fundo la kitambaa. Tena Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 yasema kwamba muda wa kujaribiwa usizidi mwezi 1 kwa kibarua asiye na ufundi, wala miezi 6 kwa wengine. Asije mtu akakujaribu mwaka mzima, kama mpishi anayeonja mchuzi hata sufuria ikabaki tupu.

Liko swali moja lisilochekesha: «Nikikupa kazi, wewe utanipa nini?» Wakati wa Ebola, iliyotangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, kazi nyingi zilipatikana ghafula. Mwezi wa Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilieleza jinsi wanawake walivyodaiwa miili yao ili wapate kazi hizo au wasizipoteze. Na baadhi ya walioshtakiwa walikuwa watumishi wa Shirika lenyewe.

Jibu ni kusimama na kutoka. Lakini kwa mama mwenye watoto wanaolia njaa, mlango huo ni mzito. Kwa hiyo twawaambia wazazi na waume: binti au mke akirudi mikono mitupu, msianze na lawama. Msikilizeni kwanza. Aibu ni ya aliyedai, si ya aliyekataa. Naye akipokewa vema nyumbani, atapata nguvu ya kushtaki.

Mwishoni bwana atasema: «Una swali?» Usijibu «Hapana» na kukimbilia mlango kama mwanafunzi aliyesikia kengele. Uliza kazi ni ipi hasa, mkuu wako atakuwa nani, na mkataba utaandikwa lini. Anayeuliza hivyo aonyesha kwamba amekuja kufanya kazi, wala hakuja kuomba sadaka.