Anika mboga sasa, kiangazi kisikukute mikono mitupu

Wakulima wenzangu wa Mwankoko, mvua zetu ni msimu mmoja tu, Novemba mpaka Aprili. Sasa hivi mlenda na majani ya kunde yanazeeka shambani, halafu Septemba hela ya ada tunanunulia mboga!

Chuma majani machanga, osha. Ya kunde chemsha dakika 2–3. Anika kwenye ungo, kivulini, maana jua kali linapunguza vitamini A. Yakikauka kabisa, hifadhi pakavu. Ukipika, tia mafuta kidogo ya alizeti. Bila mafuta mwili haufaidi vizuri hiyo vitamini. Ugali uwe wa mtama au uwele wako.

Danieli na wenzake walikula mboga na maji siku 10, wakanawiri. Kwaresima hii tujinyime anasa, siyo chakula cha watoto.