Kompyuta Ikivuma, Isikilize Kabla ya Kuinyamazisha

Katika baadhi ya nyumba za mijini siku hizi kuna sauti ambayo wazee wetu hawakuijua. Si ya cherahani, si ya jokofu, wala si ya pangaboi la darini. Ni mvumo unaoanza polepole baada ya chakula cha jioni, ukapanda kama upepo unaotangulia mvua, ukashuka, kisha ukapanda tena mpaka saa sita za usiku. Ukiufuata utakufikisha kwa kijana aliyeketi mbele ya kompyuta mpakato ya michezo, hedifoni zimemziba masikio. Yeye hausikii mvumo huo. Wanaousikia ni mama anayetafuta usingizi, mdogo wake anayejisomea, na mpangaji wa chumba cha pili.

Ndugu msomaji, yafaa tusikidharau chombo hiki kwa kuwa kimepewa jina la michezo. Kompyuta hiyo hiyo ndiyo inayotumika kuhariri filamu za harusi, kuchora ramani za majengo na kutengeneza matangazo ya biashara. Kwa mfanyakazi wa kawaida bei yake ni mishahara ya miezi kadhaa, na aghalabu ni tunda la kudunduliza. Kwa hiyo inapoanza kuvuma na kuchoma mikono, nyumba nzima huingiwa na wasiwasi. Mmoja husema imeharibika, wa pili huikimbiza kwa fundi, na wa tatu hutafuta programu ya kuizima feni. Huyu wa tatu ndiye wa kuogopwa kuliko wote.

JOTO LATOKA WAPI?

Ndani ya kompyuta ya michezo mna chipu mbili zinazofanya kazi nzito. Ya kwanza ni prosesa, ambayo hupiga hesabu zote. Ya pili ni chipu ya picha, ambayo huchora kila kinachoonekana katika kioo. Karibu umeme wote unaoingia katika chipu hizi hugeuka kuwa joto. Prosesa ya kompyuta mpakato nyepesi ya ofisini hutumia takriban wati 15. Ya kompyuta ya michezo hutengenezwa kwa wati 45 au zaidi, na kwa muda mfupi yaweza kuvuka wati 100. Chipu ya picha, katika zile kompyuta kubwa kabisa, yaweza kufika wati 175.

Basi tuchukue kompyuta inayotumia wati 200 wakati wa mchezo. Hilo ni joto la balbu mbili za zamani za wati 100, limefungiwa katika kisanduku chembamba kama daftari nene. Kwa saa tano itakuwa imekula uniti moja ya umeme, na uniti hiyo yote itakuwa imebaki chumbani ikiwa joto.

Joto hilo huondolewa kwa ufundi wa kupendeza. Juu ya chipu hulazwa mabomba bapa ya shaba yaliyozibwa pande zote. Ndani ya kila bomba hewa imenyonywa, na mmeachwa maji kidogo tu. Kwa kuwa hewa haimo, maji hayo huchemka kwa joto dogo. Mvuke hukimbilia ncha ya pili ya bomba, hupoa hapo na kurudi kuwa maji, kisha maji hurejea kwenye chipu kwa kunyonywa na ukuta wa bomba, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Richard Gaugler wa kampuni ya General Motors, Marekani, aliiombea hataza fikra hii mwaka 1942. Mwaka 1963 George Grover, mwanasayansi wa maabara ya Los Alamos, aliibuni upya kwa njia yake mwenyewe, na tangu hapo mabomba hayo yakaenea, hata katika vyombo vya angani.

Lakini bomba husafirisha joto tu, haliliondoi nyumbani. Ncha yake ya pili imeshikamana na mapezi membamba ya chuma, mfano wa rejeta ya gari, na feni ndiyo inayoyapulizia mapezi hayo ili joto litoke nje. Feni ikishindwa, kazi yote iliyotangulia ni bure.

KWA NINI INAPIGA KELELE?

Hewa ambayo feni husukuma huongezeka sawasawa na mwendo wake, ila kelele huongezeka kwa kasi zaidi. Kwa kanuni ya wahandisi wa feni, ukipunguza mzunguko kwa nusu, hewa hupungua kwa nusu, bali kelele hushuka kwa takriban desibeli 15. Kwa sikio la binadamu, hiyo ni kama kelele kubaki theluthi moja tu. Maana yake ni kwamba nafuu ndogo katika kazi ya feni huleta utulivu mkubwa chumbani.

Hapo ndipo hali ya hewa yetu inapoingia. Kompyuta iliyopimwa katika chumba chenye nyuzi 22 za Selsiasi, ikiletwa Dar es Salaam mwezi Februari katika chumba chenye nyuzi 32, huanza safari ikiwa na mzigo wa nyuzi 10 kichwani. Ama chipu zake zitakuwa na joto zaidi kwa kiasi hicho, ama feni itazunguka kwa kasi zaidi kufidia. Kwa hiyo mtu asishangae kompyuta yake ikivuma kuliko ile aliyoisoma ikisifiwa na mnunuzi wa Ulaya.

Je, joto hilo litaiunguza? Kwa kawaida la. Watengenezaji wameweka kikomo, aghalabu kati ya nyuzi 95 na 105 kwa prosesa. Ikikifikia, chipu hujipunguzia mwendo yenyewe, na hali ikizidi kompyuta hujizima. Ndiyo maana mchezo huanza kukwama baada ya nusu saa: dereva ameona geji ya joto imepanda, akaondoa mguu kwenye mafuta. Hasara ya joto la kudumu huja taratibu. Betri huzeeka kabla ya wakati wake, ute wa kupitisha joto hukauka, na feni huchakaa.

Kutokana na hayo, msomaji ataona hatari ya kuinyamazisha feni huku moto ukiachwa palepale. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Chungu kikifurika, mpishi mwenye akili haridhiki na kupuliza povu, hupunguza kuni.

IPE HEWA KWANZA

Hatua za mwanzo hazigharimu hata senti. Katika kompyuta nyingi za aina hii hewa baridi huingia kwa chini na hewa moto hutoka nyuma au ubavuni. Ukiiweka juu ya godoro, blanketi au mto, umeiziba pua. Iweke mezani. Halafu inyanyue upande wa nyuma kwa sentimita mbili au tatu, kwa vipande viwili vya mbao au vifuniko vya chupa vilivyopangwa pamoja, ila uangalie usizibe matundu. Usiisukume ukutani, maana hewa moto itarudi pale ilipotoka. Pangaboi nalo lina faida likiwa linaleta hewa ya dirishani. Katika chumba kilichofungwa huzungusha joto lile lile. Vibao vyenye feni vinavyouzwa madukani hunufaisha zaidi kwa kuinyanyua kompyuta, lakini navyo huongeza kelele zao.

PUNGUZA KUNI

Msomaji anayetaka ushahidi kwamba utulivu hutokana na kupunguza umeme, na aangalie siku umeme ukikatika. Kompyuta ikihamia kwenye betri, mara feni hushuka. Betri haiwezi kutoa wati nyingi kama chaja, hivyo mashine hujibana yenyewe. Hali hiyo waweza kuileta kwa hiari yako.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kuweka kikomo cha picha kwa sekunde. Kioo cha kuonyesha picha 144 kwa sekunde hakiwezi kuonyesha 200, ila chipu isipozuiwa itazichora zote, na za ziada zitakuwa joto tupu. Michezo mingi ina mahali pa kuweka kikomo. Usiku, kikomo cha picha 60 chatosha kwa michezo mingi isiyo ya mashindano, na tofauti ya mvumo itasikika mara moja.

Njia ya pili ni kuchagua hali ya utulivu, ambayo watengenezaji wengi wameiweka katika programu zao. Kadhalika, katika kompyuta nyingi zinazotumia Windows, ukishusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99, ule mwendo wa ziada huzimwa. Mwendo huo hununuliwa kwa bei ghali, kwani hudai volti kubwa zaidi, na umeme unaotumika hupanda kwa mraba wa volti. Volti ikipunguzwa kwa asilimia 10 bila kubadili mwendo, umeme hupungua kwa asilimia 19. Wajuzi huifanya kazi hiyo ya volti kwa programu maalumu, ingawa baadhi ya watengenezaji wameifunga njia hiyo, na ikizidishwa mashine huzimika ghafla. Asiye mjuzi na aridhike na zile njia mbili za kwanza.

VUMBI NA FUNDI

Miji yetu ina vumbi, na feni haichagui inachovuta. Baada ya miezi kadhaa vumbi hujikusanya kati ya feni na mapezi kama kipande cha blanketi. Dalili yake ni kwamba mvumo ni mkubwa na hewa inayotoka ni haba. Mvumo wa upepo mtupu si ugonjwa. Lakini ukisikia mkwaruzo au mtetemo, feni yenyewe imechakaa na yapasa kubadilishwa.

Kupulizia kwa mdomo hakufai, kwa sababu mdomo hutoa unyevu. Tumia mashine ya upepo, kompyuta ikiwa imezimwa na chaja imechomolewa, na uyazuie mapanga ya feni kwa kijiti yasizunguke ovyo. Blanketi likishakuwa nene halitoki kwa upepo. Sharti kompyuta ifunguliwe, na betri itenganishwe kwanza.

Ukiipeleka kwa fundi ili abadilishe ute wa kupitisha joto, mwulize kama amewahi kufungua aina hiyo. Baadhi ya kompyuta za michezo hazitumii ute wa kawaida, bali chuma cha majimaji chenye galiamu. Chuma hicho hupitisha umeme na hula alumini. Tone moja likidondokea pasipostahili, kompyuta nzima yaweza kufa. Fundi mwaminifu asiyekijua atakuambia, na huyo ndiye wa kumrudia kwa kazi nyingine.

MWILI NAO

Jina la mpakato lisitupotoshe tukaipakata kompyuta ya namna hii. Mwaka 2010 madaktari wa Basel, Uswisi, waliandika katika jarida la Pediatrics habari za mvulana wa miaka 12 aliyecheza michezo kwa saa kadhaa kila siku, kwa miezi, kompyuta ikiwa mapajani. Paja lake la kushoto, upande uliokuwa na joto zaidi, lilitokeza madoa yenye umbo la wavu. Madoa ya aina hiyo huletwa na joto la nyuzi 43 hadi 47 likirudiwa mara nyingi, yaani joto ambalo haliunguzi na hivyo halimshtui mtoto.

Hali kadhalika ikague betri. Kompyuta isiyoondolewa kwenye chaja ni vyema iwekewe kikomo cha kujaa cha asilimia 80, ikiwa ina nafasi hiyo. Ukiona kifuniko cha chini kimetuna au kibao cha kugusia kimeinuka, betri imevimba. Izime, usiichaji, usiitoboe; mpe fundi.

MAPATANO YA NYUMBANI

Limebaki jambo ambalo hakuna programu inayoweza kulitatua. Anayecheza amevaa hedifoni. Kelele anaifanya yeye, anaibeba mwingine. Kwa hiyo haitoshi mzazi kufoka, wala kijana kujibu kwamba hasikii chochote. Mzazi amwite kijana avue hedifoni, akae kitandani pa mdogo wake kwa dakika tano, mashine ikivuma. Kisha wapatane: mchana mashine iende kwa nguvu zake zote, mlango ukiwa wazi, baada ya saa nne za usiku kikomo kishuke na hali ya utulivu iwashwe. Anayehariri filamu kwa ajili ya riziki apange kazi ile nzito ya mwisho ifanyike asubuhi, kabla jua halijakolea, maana hapo chumba kina baridi na feni ina nafuu.

Kasi, baridi na kimya havipatikani vyote kwa pamoja katika kisanduku chembamba. Mwenye mali sharti achague ni kipi apunguze, na saa ngapi. Akichagua vyema, kompyuta itaishi miaka mingi, na wenzake watalala.